Tupeane uzoefu: siku wageni walipokukuta jiko limekugomea

Mpishi wa Jumapili: Wakuu, leo naosha ile sufuria kubwa nikakumbuka aibu yangu. Nilialika watu 6 wakaja 11, kila mmoja "nimekuja na huyu, hatakula sana". Nilishapika vikombe viwili vya mchele, na kikombe kikavu kikiiva kinatoa kama vitatu, sasa vikombe 6 vya wali kwa watu 11 ni hesabu gani hiyo? Nikala ukoko jikoni nimesimama, huku nawaambia mimi nimeshiba. Haya na nyie mwageni.

Sina Baya: Hao wa hatakula sana ndio wanaorudia sahani mara tatu.

Moto Mdogo: Mimi mafuta yalishika moto watu wako sebuleni wanaangalia mpira. Shemeji akaja mbio na jagi la maji, nikampigia kelele asimwage, maana maji yakigusa mafuta yanayowaka yanageuka mvuke papo hapo na moto unarushwa mpaka dari. Nikazima jiko, nikafunika na mfuniko, basi. Tukala mkate.

Kitunguu Kimoja: Yangu sijawahi kumsimulia mtu. Nina miezi mitatu kwenye ndoa, wakwe wanakuja kula mchana, na mimi kazini wamenishika kikao mpaka saa tano na nusu. Nikaagiza chakula kwa simu, nikakimimina kwenye sufuria zangu, maboksi nikayasukuma chini ya sinki, nikakaanga kitunguu kimoja ili nyumba inukie mapishi. Mama mkwe anakula anasifia, akauliza huu mchuzi umeufanyaje mwanangu, na mimi bila haya naanza kutaja tangawizi, kitunguu saumu, eti nimeuacha kwa moto mdogo saa mbili nzima. Mara hodi. Mume wangu akafungua, kumbe yule kijana aliyeleta chakula, na helmeti yake kichwani: "Samahani kaka, saladi yenu ilibaki kwenye boksi." Jamani ule ukimya. Baba mkwe akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Mama mkwe akainuka, akaipokea, akajipakulia taratibu, akaniangalia: "Na hii nayo uliiacha kwa moto mdogo?"

Sina Baya: Nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂😂

Mzee Kijiko: Mnacheka nini, huo ni uongo mtupu. Mtu unaagiza, unasema nimeagiza, tatizo liko wapi?

Kitunguu Kimoja: Mzee wewe ulishawahi kuwa mkamwana?

Mzee Kijiko: Nimeoa miaka 20 na napika mwenyewe.

Sina Baya: Unapika au unachemsha maji ya chai?

Chumvi Kidogo: Tuacheni ugomvi, nisaidieni, mchuzi ukizidi chumvi mnafanyaje? Nina wageni saa hizi.

Mpishi wa Jumapili: Tupia kiazi kibichi, kinanyonya.

Mzee Kijiko: Kiazi kinanyonya mchuzi na chumvi yake, unaobaki una chumvi ile ile. Ongeza maji na nyanya.

Sina Baya: Au waongezee wali wasijue. Ila wali ukibaki usiulaze mezani mpaka kesho, sisi ulitulaza chooni nyumba nzima. Tuliupasha vizuri kabisa lakini wapi, ile sumu ya bakteria wa wali haiishi kwa moto.

Moto Mdogo: Hivi hakuna aliyeona kuwa jiko langu lilikaribia kuungua?

Chumvi Kidogo: Pole Moto Mdogo. Nimeweka kiazi NA maji, sasa nina supu. Kitunguu, mama mkwe mlipatana?

Kitunguu Kimoja: Tulipatana siku nyingi. Ila mpaka leo akitaka kuja anapiga simu kwanza: "Unapika wewe, au anapika yule wa helmeti?"