Mcheza kwao hutunzwa na nani?

Swali lililo mezani ni hili: je, inafaa masomo ya vijana wetu wanaoandaliwa kupanda jukwaa la tamasha kubwa kama Sauti za Busara, hapa Unguja, yalipiwe na wafadhili wa nje? Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba fedha za mgeni huja na masikio ya mgeni, na kwamba kijana akishasomeshwa na Ulaya ataipigia Ulaya. Wapo wanaowajibu kwamba bila fedha hizo hatakuwepo kijana wa kumgombania. Mimi nakubali ufadhili. Ninachokipinga ni kuufunga kwenye jukwaa.

Hofu ya fedha za nje naiona imetiwa chumvi. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni, ala ya nyuzi inayotumika katika taarab, naye aliporudi akapiga na kufundisha wenzake. Huo ulikuwa ufadhili wa masomo, tena uliotoka kwa mtu mmoja aliyekuwa na mamlaka ya kuchagua kila anachotaka kukisikia. Hata hivyo muziki ule wa taarab haukubaki kasrini: klabu ya Ikhwani Safaa ilipoundwa mwaka 1905 ulikuwa tayari na wenyewe mjini, na mwimbaji Siti binti Saad akauimba kwa Kiswahili ukaingia kila nyumba. Aliyetoa fedha hakuweza kuamua muziki uwe wa nani, kwa sababu waliojifunza walipata muda wa kuumiliki.

Muda huo ndio ninaougombania. Kijana wa jirani yangu, huku Ng'ambo, alipata ufadhili wa mwaka mmoja ajifunze ganuni. Fomu aliyoniletea nimsaidie kuijaza iliuliza mara mbili kuhusu maonyesho atakayoshiriki, wala haikuuliza hata mara moja anafundishwa na nani. Sasa, ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, nazo hukaa tatu tatu kwa kila sauti, na miezi ya mwanzo kijana yule aliimaliza ameuinamia ule ubao na ufunguo mkononi, akikaza na kulegeza, kwa kuwa uzi mmoja katika watatu ukipotoka kidogo tu sauti nzima huingia ukungu, na hewa yetu ya pwani haina huruma na kazi hiyo. (Mama yake alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza ataanza kupiga lini.) Siku ya kuonyesha alichojifunza ilipofika, alikuwa na nyimbo mbili alizozikariri kwa ajili ya siku hiyo. Alizipiga vizuri, akashangiliwa, picha zikapigwa, na mwezi uliofuata ufadhili ukaisha, wakati mwalimu wake ndio kwanza amemwanzishia maqam (mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu) ya tatu. Aliyetoa fedha simlaumu, maana alitimiza alichokiahidi. Kasoro ilikuwa katika ahadi yenyewe.

Kuna aliyesema kwamba Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab na unyago, hakupewa ufadhili na mtu, na bado dunia nzima ilimjua. Ni kweli, lakini hoja hiyo inasahau shule aliyoipitia. Utotoni alikuwa akimsikiliza Siti binti Saad, na ngoma za unyago alizipiga miongoni mwa wanawake waliozijua, bila kutozwa ada na bila kuharakishwa. Mtoto wa leo anayetaka ngoma za unyago huenda akabahatika kumpata bibi wa kumfunza. Anayetaka ganuni lazima atafute chombo na mwalimu, na vyote viwili ni ghali.

Tuangalie gharama, basi. Chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) hapa Unguja, ambacho wengi walikijua kikiwa katika jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani, mwaka 2019 kilitangaza kwamba kilikuwa karibu kufungwa kwa kuishiwa fedha za wafadhili. Ada ilikuwa takribani dola 13 kwa mwezi, na wengi wa wanafunzi wake 70 hivi wa muda wote hawakuweza kuilipa. Piga hesabu ya mwaka mzima kwa wanafunzi wote: haifiki dola 11,000. Bila shaka ada peke yake haiendeshi chuo, kwa kuwa mishahara ya walimu na vyombo hugharimu zaidi sana, lakini ada ndiyo inayomzuia mtoto mlangoni. Katika visiwa vilivyopokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, ambako hoteli hupenda kumweka mpiga udi kando ya bwawa jioni, fedha hizo zingeweza kupatikana hapa hapa.

Tena tukumbuke kwamba Sauti za Busara yenyewe haikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Ufadhili wa masomo uliotundikwa kwenye tamasha huanguka siku tamasha linapoanguka, na mwanafunzi akabaki na nyuzi zilizokatika.

Kwa hiyo napendekeza kwamba ufadhili, utoke kwa nani utoke, usipungue miaka mitatu, sehemu yake ilipwe moja kwa moja kwa mwalimu, na sharti la kupanda jukwaani liondolewe kabisa. Kijana apige kwanza harusini na klabuni, mbele ya wanawake wanaoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji pale beti inapowagusa, kwani hao hawadanganyiki. Akiiva, tamasha litamwita lenyewe.

Najua nitaambiwa kwamba mwenye hoteli naye ana masikio yake, na kwamba akilipa yeye atataka nyimbo za kando ya bwawa tu. Yawezekana. Lakini mwenye hoteli yuko hapa hapa Unguja, Shangani au Nungwi, na mwalimu akiudhika anaweza kumfuata ofisini kwake asubuhi hiyo hiyo.