Miaka 11 kwenye mazungumzo ya tabianchi: nibaki upande wa nchi au niende sekretarieti?

Wakuu, salaam. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kupita njia hii.

Nipo kwenye ujumbe wa nchi yangu katika mazungumzo ya tabianchi, mwaka wa 11 sasa. Nilianza kwa kuandika kumbukumbu za vikao, baadaye nikapewa hoja ya hasara na uharibifu, yaani msaada kwa nchi zilizokwisha kuumizwa na mabadiliko ya tabianchi, na leo naisimamia kwa niaba ya kundi la nchi kadhaa. Mwezi uliopita nimefaulu usaili wa nafasi katika sekretarieti ya Mkataba wa Tabianchi wa Umoja wa Mataifa, ofisi inayohudumia mazungumzo haya, Bonn, Ujerumani. Kipato kinaeleweka, familia itakaa mahali pamoja. Nina wiki 2 za kujibu.

Kinachonifunga miguu ni usiku mmoja. COP27, mkutano wa 27 wa nchi za Mkataba huo, Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022. Mkutano ulipaswa kwisha Ijumaa, lakini mfuko wa hasara na uharibifu ulipitishwa alfajiri ya Jumapili. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na soketi, nimevua viatu, simu inachaji, rasimu iko mapajani imejaa maandishi yangu ya pembeni. Hoja hii Vanuatu iliileta mwaka 1991 kwa niaba ya mataifa ya visiwa vidogo. Miaka 31! Nyundo ya mwenyekiti ilipogongwa kuupitisha nililia, na mjumbe wa kisiwa kimoja aliyekaa jirani yangu akanishika mkono bila kusema kitu.

Lakini pia nimechoka. Mwaka jana jina langu lilikatwa kwenye orodha ya wajumbe siku 9 kabla ya safari, nafasi akapewa mtu ambaye hajawahi kusoma aya moja ya rasimu. Niliratibu kundi kwa simu, usiku kucha, kutoka jikoni. Mume wangu hakusema neno, alinifunika shuka tu.

Nifanyeje?

Karani Mstaafu:
Dada, nimefanya kazi sekretarieti miaka mingi, nikueleze ilivyo. Ibara ya 100 ya Katiba ya Umoja wa Mataifa inamkataza mtumishi kupokea maelekezo ya serikali yoyote. Maana yake, siku nchi yako itakapobanwa kwenye chumba cha mazungumzo, wewe utakuwa mezani na hutafungua mdomo. Utaandaa karatasi ya wenyeviti-wenza wanaoongoza kikao na kuweka misimamo yote kwa usawa, hata ule unaoona unaumiza watu wako.

Usidhani ni kazi ndogo, hata hivyo. Paris, Desemba 2015, kifungu cha 4 aya ya 4 cha Mkataba wa Paris, kuhusu kupunguza hewa chafu: rasimu ya mwisho ilitoka na neno la "sharti", yaani wajibu wa kisheria, kwa nchi tajiri, pale ambapo Marekani ingekubali "inapasa" tu, lisilofunga. Ukumbi mzima ulisubiri. Kisha afisa wa sekretarieti akasoma orodha ya masahihisho ya uandishi, "sharti" likigeuzwa "inapasa", na Mkataba ukapita. Wapo wanaonung'unikia neno lile mpaka leo. Mimi naamini bila utulivu wa dakika zile tusingekuwa na Mkataba wa Paris. Ila aliyesoma hakuwa na haki ya kusema anapenda neno lipi. Kama kinachokuamsha usiku ni hoja, siyo mchakato, utaumia.

Mtu wa Mabano:
Napingana kidogo na mzee hapo juu. Huu siyo mlango wa kuingia bila kutoka. Christiana Figueres alikuwa kwenye timu ya mazungumzo ya Kosta Rika tangu 1995, ndipo akaiongoza sekretarieti kuanzia 2010. Walioiongoza baada yake ni hivyo hivyo: Patricia Espinosa alitoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Meksiko, na Simon Stiell alikuwa waziri Grenada. Kama ndoto yako ni kufika kileleni, njia inayoonekana ni ya upande wa nchi. Ngazi za katikati pale Bonn sijaona zikimfikisha mtu huko.

Bibi Asubuhi:
Nenda, mwanangu. Watoto hawaratibiwi kwa simu.

Mjumbe Mdogo:
Dada, mimi naangalia upande wa unaowaacha. Vikao visivyo rasmi vinaendeshwa kwa Kiingereza pekee, wakalimani wanabaki kwenye ukumbi mkuu. Mgeni anaweza kukaa miaka akiambulia nusu ya maneno, na nchi yenye wajumbe wachache ikimpoteza mwenye kumbukumbu inaanza upya. Mfuko wenyewe bado mchanga: ahadi za mwanzo pale Dubai 2023 hazikufika dola bilioni 1. Nani atajua mwaka ujao kwa nini aya fulani iliandikwa vile?

Kwa hiyo fanya haya kabla ya kusaini. Omba likizo bila malipo au kuazimwa, yaani uende huko huku nafasi yako ya kurudi ikitunzwa, kwa barua, upate jibu la maandishi. Usikubali "tutaona". Halafu mchague mtu mmoja akae kiti chako kwenye vikao vya Juni, wewe ukae nyuma yake. Aongee yeye, hata akikosea.

Mwanzisha mada:
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Karani Mstaafu, swali lako la hoja au mchakato nililipeleka kwa mume wangu. Akasema, "Wewe ni hoja, ila mwili wako umechoka." Sina la kumbishia.

Barua ya kuazimwa nimeipeleka leo. Wakikubali kwa maandishi, naenda Bonn. Wakikataa, nabaki, lakini kwa sharti kwamba orodha ya wajumbe wa hoja yangu ifungwe mapema na nishirikishwe. Sekretarieti nimewaomba wiki moja zaidi, wamenipa.

Na yule binti wa idara yetu nimeshaanza naye. Tumekaa na rasimu mchana huu, tumefika aya ya 7. Aliniuliza kwa nini neno "msaada" limewekwa mabano, alama ya kwamba halijakubaliwa, mara nne. Tutaendelea kesho.