Mrejesho: Nilikubali kuongoza ile asasi ya watoto wa jamii za asili

Wakuu, niliwauliza kama mtu asiye wa jamii za asili anafaa kuongoza asasi inayohudumia watoto na familia za jamii hizo huku Marekani. Wengi mlisema: kubali, ila bodi iwe yao. Nikakubali kwa sharti hilo. Wajumbe wengi sasa ni wazee na wazazi wa makabila tunayoyahudumia, na naibu wangu, binti wa huko huko, namwandaa ashike usukani mkataba wangu ukiisha.

Kazi kubwa imekuwa kutafuta ndugu. Ile sheria ya ustawi wa watoto wa makabila ya asili ya 1978, ambayo Mahakama ya Juu iliitetea mwaka 2023, inataka mtoto akiondolewa nyumbani wafikiriwe kwanza watu wa ukoo wake. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuwatafuta hao ndugu! Fomu tuliyoikuta ilikuwa na mistari miwili tu, baba na mama. Siku hizi tunakaa mezani na bibi, anataja majina mpaka ukurasa unajaa: shangazi, binamu, mjomba aliyehamia mjini. Juzi watoto watatu wa tumbo moja walipelekwa kwa shangazi yao, wote pamoja, badala ya kutawanywa kwa wageni. Nililia, sifichi.

Fedha bado ni ngumu. Wafadhili wanataka matokeo ya haraka, familia zinahitaji miaka.

Aliyenishauri vikao vya mwanzo nisikilize tu, asante sana.