Naombeni ushauri: tuzuieje kupandishiwa bei ya umeme wakati wa maafa?

Mjumbe wa Kamati:
Wakuu, nyumba 40 tunataka mkataba na mwenye jenereta, atuuzie umeme gridi inapozimika. Mafuriko yakija asitukamue. Niandike kikomo gani cha bei? Kikao ni kesho, sipati usingizi.

Fundi Waya:
Mkuu, usiandike bei, andika fomula. Jenereta ya dizeli yenye mzigo wa kutosha hutumia takriban lita 0.3 kwa yuniti. Ikibeba robo ya uwezo wake, hufika 0.4 na kuendelea. Kwa hiyo: lita 0.35 mara bei ya dizeli kwenye risiti, jumlisha ada ya matengenezo isiyobadilika. Hiyo 0.35 ifungwe. Ukiiacha wazi, ataleta mashine kubwa kuliko mahitaji yenu, itazunguka usiku kucha karibu tupu, na dizeli inayopotea mtailipa ninyi. Mashine nayo itaumia, maana mafuta yasiyoungua hujikusanya kwenye ekzosi. Jenereta yenyewe ina ukubwa gani, kVA ngapi?

Mtetezi wa Haki:
Kumkamua mtu aliyezingirwa na maji ni dhambi, kwanza hilo lisemwe. California, hali ya dharura ikishatangazwa, kupandisha bei ya bidhaa na huduma muhimu zaidi ya 10% ni kosa, isipokuwa muuzaji athibitishe kuwa gharama zake zimepanda. Igeni hilo. Ila bei ya kulinganishia iwe wastani wa siku 30 zilizotangulia, kwa sababu wajanja hupandisha utabiri unapotoka, kabla ya tangazo. Na msisubiri serikali peke yake. Andikeni "tangazo la mamlaka, au gridi kukatika kwa saa 6, lolote litakalotangulia."

Bibi Hesabu:
Hajajibu la msingi. Bei ya sasa inapangwaje, na nani?

Mjumbe wa Kamati:
kVA 200. Bei ni ya siku, anaitangaza kila asubuhi. Malipo ya awali tumeshatoa, na makato yanaenda moja kwa moja kwenye simu za wakazi. Lakini wakuu, siku za kawaida hakuna aliye nafuu kama yeye. Kwa mwaka mzima tunaokoa.

Bibi Hesabu:
Unafuu huo ndio bei ya hatari mliyobebeshwa. Texas, Februari 2021, baridi kali ilipozima mitambo, bei ya jumla ilisukumwa hadi kikomo cha dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani dola 9 kwa yuniti, ikabaki hapo siku kadhaa. Wateja wa Griddy, kampuni ya kuuza umeme, waliokuwa wakilipa bei ya jumla moja kwa moja, walikatwa maelfu ya dola kwenye kadi zao. Mwaka huohuo sheria ikapiga marufuku kuwauzia wakazi kwa mpango wa aina hiyo. Sitisheni makato ya moja kwa moja leo, kabla ya kikao.

Fundi Waya:
Kikomo nacho kiwe na muda. Sheria nyingine ya Texas ya 2021 iliagiza bei ikikaa kwenye kilele saa 12 ndani ya saa 24, kikomo cha dharura kianze, na mzalishaji mwenye gharama za kweli zaidi ya hapo afidiwe kwa uthibitisho. Mkikibana mno bila fidia, muuzaji atazima mashine.

Jicho Kavu:
Uzi huu una walakini. Mwanzo ilikuwa "tunataka mkataba", sasa pesa imeshatoka. Mnunuzi gani anamtetea muuzaji hivi? Wewe ndiye mwenye jenereta, unatafuta upenyo.

Mtetezi wa Haki:
Kama ni hivyo, tumemfundisha mwizi.

Fundi Waya:
Hata akiwa muuzaji, fomula ya risiti haina upenyo mita ikisomwa na watu wawili.

Mjumbe wa Kamati:
Si yangu. Ni ya shemeji yangu. Kamati haijui. Ndiyo maana sikutaka kulisema, lakini bei yake ni ya haki.

Bibi Hesabu:
Basi shemeji, liseme kesho kabla ya ajenda, utoke chumbani wakati wa kupiga kura. Mita isomwe na mkazi mwingine pamoja na fundi wa muuzaji, ipigwe picha kila saa 12.

Fundi Waya:
Na dizeli inunuliwe mapema, bei ikiwa tulivu. Nyumba 40 kwa wastani wa kilowati 1.5 ni kilowati 60. Kwa saa 72 ni yuniti 4,320, sawa na lita 1,512. Tangi liwe juu ya usawa wa maji ya mafuriko, na kina cha dizeli kipimwe kila mwezi mbele ya kamati. kVA 200 moja ni kubwa kwa usiku. Omba mbili za kVA 100, moja izimwe mzigo ukishuka.

Mjumbe wa Kamati:
Mbili hana. Fomula atakubali. Tangi sijui.

Bibi Hesabu:
Bila tangi, malipo ya awali yarudi.