SPARCstation 20 haioni diski za SCSI: nihangaike na hizi, ninunue nyingine, au nihamie SD?

Bwire_Busia
Wandugu habari zenu. Niko na SPARCstation 20, ile kompyuta ya zamani ya Sun, iliyotoka kwa wachapaji wa Nasser Road kule Kampala, ndani iko na diski moja ya Solaris (mfumo wake endeshi) na nje kuna boksi la diski la SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha diski kadhaa kwa waya mmoja) la pini 50, na kazi zote za zamani za mteja, michoro ya lebo, fonti, kila kitu kiko kwa hilo boksi la nje. Tangu iletwe huku Busia ukiwasha inafika kwenye ok, pale mashine inaposubiri amri kabla ya Solaris, inasema Can't open boot device basi. Ninazo njia hizi: kuhangaika na diski hizihizi, kununua diski ya mtumba ya SCA, aina inayochomekwa ndani ya mashine hii, au kuweka kidude cha kadi ya SD kinachojifanya diski ya SCSI, kama BlueSCSI au ZuluSCSI. Kuna jamaa ananiambia niachane na chuma niende QEMU, programu inayoiga kompyuta nyingine. Pesa si nyingi na data ndiyo ninayoililia. Mngefanya nini?

KatweSolda
Ssebo usitoe hata shilingi kwanza, iulize mashine. Pale kwenye ok andika `setenv auto-boot? false`, halafu `reset`, ndio uandike `probe-scsi-all`, itakuorodheshea kila kifaa cha SCSI inachokiona. Hiyo reset usiiruke, maana ukikatiza Solaris na Stop-A kisha uka-probe hapohapo inaweza kuganda. Ikiona moja ikakosa nyingine, tatizo ni la ile diski yenyewe, ID yake (namba yake kwenye njia) au umeme wake. Isipoona hata moja, angalia njia nzima: waya, taminata (kizibo cha kufunga mwisho wa njia), ID mbili zinazogongana. Na ukiona diski moja imejitokeza kwa kila namba jua kuna kitu kimekaa ID 7, na 7 ni ya kontrola. Kwenye SS20 diski za ndani ni 3 na 1, CD ni 6, hizo usizipe boksi la nje.

Nyakato_Mbarara
Naunga mkono. Ila kwa vile ameuliza tulinganishe, mimi diski ya mtumba naiweka mwisho kabisa. SS20 ni SCSI ya biti 8 ya single-ended, yaani aina yake ya ishara za umeme, kwa hiyo diski ya LVD (aina ya volti ndogo) itakubali kurudi kwenye single-ended lakini ya HVD (ya volti kubwa) haitakubali kamwe, na wauzaji wengi hawajui tofauti, anakwambia tu ni SCSI. Halafu nyingi zimetoka kwenye makabati ya storeji zikiwa na sekta za baiti 520 badala ya 512, probe inaiona vizuri kabisa, Solaris inaikataa, unabaki unalaumu waya bure. Inatengenezeka kwa `sg_format --format --size=512` kwenye Linux, inachukua muda mrefu na inafuta kila kitu. Na zile za 10,000 rpm zinachemka mno ndani ya kile kiboksi chembamba, na baada ya hayo yote bado ni diski nzee yenye saa nyingi mwilini.

MzeeWaArua
Vijana msikimbilie SD. Diski ya zamani si lazima iwe imekufa. Weka sikio, inazunguka? Isipozunguka pima 5V na 12V za boksi ikiwa imebeba mzigo, sio ikiwa tupu. Diski nyingine zina jampa inayozizuia kuanza kuzunguka mpaka kontrola iziamrishe. Na waya uliosafiri na vumbi la murram, pini zake zisafishwe na zikaguliwe moja moja, pini moja ikipinda inatosha kukutesa.

Nyakato_Mbarara
Mzee nakubali kabisa, ila SD ina jambo moja ambalo wengi hawalijui na kwa Bwire ndilo kubwa: BlueSCSI v2 na ZuluSCSI za chipu ya RP2040 zinaweza kufanya kazi kama kontrola, unaichomeka diski ya zamani peke yake, bila kompyuta, inajinakilisha kwenye kadi. Faili hilohilo ukilipa jina kama `HD20_512.hda` kidude kinajitokeza kwa mashine kama diski ya ID 2. Kwa hiyo pesa moja imeokoa data na imekupa diski mpya. QEMU inaiga SPARCstation 5 na 20 pia, na nakala hiyo itaisoma, nzuri kwa kufungua mafaili, lakini programu za uchapaji zenye leseni nyingi zimefungwa kwa hostid (namba ya utambulisho wa mashine) na hostid inakaa kwenye chipu ya kumbukumbu ya NVRAM. Bwire iandike hostid yako leo, betri ya hiyo chipu iko ndani yake na ikiisha utaona IDPROM contents are invalid.

Bwire_Busia
Asanteni sana wakubwa. Nimefanya. Boksi likiwa limeunganishwa probe haioni kitu, nikilichomoa inaonyesha Target 3 na jina la diski. Diski ya boksi inazunguka, naisikia. Kibonye cha ID cha nyuma ya boksi kinasoma 3, na tundu la pili la nyuma liko wazi, taminata inaonekana ilibaki Kampala.

KatweSolda
Ndio hiyo! 3 mbili zinagombana na mwisho wa njia hauna taminata. Zima kila kitu, weka boksi 2, tafuta taminata ya pini 50, ikiwa ni ile active ni bora zaidi. Waya wote, wa ndani na wa nje, usizidi mita 3.

Bwire_Busia
Target 2 imetokea!! Nimeazima taminata kwa jamaa wa Tororo. Sasa niwashe Solaris niingie?

Nyakato_Mbarara
Ingia na `boot -r` ili itengeneze njia za diski, ila usi-mount lile boksi, yaani usilifungue mafaili yake. Nakala kwanza, kwa amri ya kunakili: `dd if=/dev/rdsk/c0t2d0s2` na `conv=noerror,sync`, hiyo s2 ndiyo diski nzima. Usipeleke kwenye diski ya ndani, peleka kwa mashine nyingine. Solaris gani hiyo?

Bwire_Busia
2.5.1, diski ni ya GB 4.

MzeeWaArua
Basi kumbuka Solaris kabla ya 2.6 haiandiki faili moja la zaidi ya GB 2. Pitisha dd kwenye paipu mpaka Linux kwa `rsh` (amri ya kuendesha kazi kwenye mashine nyingine kupitia mtandao), faili litengenezwe kule, au ukate vipande kwa `skip` na `count`. Etha (mtandao wa waya) ya hiyo mashine ni megabiti 10, anza jioni na uiweke kwenye UPS.

Bwire_Busia
Nina laptopu ya Debian. Naanza leo na paipu, na kidude cha SD naagiza mwisho wa mwezi ili boksi lipumzike.