Dubai ina kijani cha kutazama ukiwa ndani ya gari. Sisi tunaotembea kwa miguu tukakae wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuipunguza. Nawalenga zaidi ndugu zangu tulioko Dubai, hasa wa Deira, Satwa, Al Quoz na Sonapur. Lakini na nyie mlioko nyumbani someni, maana kila nikipiga simu naambiwa "mna raha huko, mji umejaa maua".

Maua yapo, nakubali. Panda basi Deira uelekee Jebel Ali, chungulia dirishani. Katikati ya barabara kuna nyasi zimenyolewa vizuri, petunia za kila rangi, mitende imesimama kwa mstari. Kwenye makutano yenye madaraja ya juu kuna maeneo ya nyasi ambayo timu mbili zingecheza mpira na mashabiki wakapata pa kukaa. Sasa niambieni nani anakaa pale. Huwezi hata kufika: magari yanapita kushoto na kulia kwa kasi ya 100, na ukivuka ovyo unapigwa faini. Kijani kile kimepandwa kwa ajili ya mtu aliye ndani ya gari lenye kiyoyozi, akione kwa sekunde tatu kisha apite.

Na maji yake si ya mvua. Mji huu kwa mwaka wa kawaida haufikishi hata milimita 100. Maji ya bombani yanatoka baharini na kuondolewa chumvi kule Jebel Ali, kazi inayokula nishati nyingi mno. Bustani na kando za barabara zinamwagiliwa kwa maji taka yaliyosafishwa, yanayopita kwenye mipira iliyolazwa mchangani hadi kwenye shina la kila mche. Maana yake ni kwamba maji tunayooga na kufulia sisi tunaolala wanane chumba kimoja yanakusanywa, yanasafishwa, halafu yanakwenda kunywesha petunia za barabarani. Mpango wenyewe ni mzuri na naupongeza. Ila kama maji yametoka kwetu, basi yaoteshe na mti ambao sisi tunaweza kukaa chini yake.

Kwa asiyejua maisha ya huku, wengi wetu hatupangi chumba, tunapanga kitanda. Kitanda cha juu au cha chini, pazia limezunguka, begi uvunguni. Huwezi kukaribisha mgeni. Huwezi kuongea na mama yako kwenye simu bila watu saba kusikia kwamba mdogo wako amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Kwa hiyo bustani kwetu ndiyo sebule. Ndiko tunakokutana, tunakochangia msiba, tunakofanya vikao vya upatu, tunakosukana nywele. Ndiyo maana Jumapili pale karibu na kituo cha metro cha Union unakuta watu wamejaa kwenye kile kipande kidogo cha nyasi, Wafilipino, Waethiopia, Waganda, Wakenya, Wabongo, kila mtu na mfuko wake wa chakula. Hatuna pengine.

Mtasema bustani kubwa zipo. Zipo, tena nzuri sana, na hapo ndipo hasira yangu inapoongezeka, kwa sababu ni ushahidi kwamba mji unajua kutengeneza bustani ukitaka. Zabeel ilifunguliwa 2005, ina zaidi ya hekta 40, na geti lake liko jirani na kile kituo cha metro kilichokuwa kinaitwa Al Jafiliya. Creek Park ni ya 1994, karibu hekta 96 kando ya hori (mkono wa bahari unaoingia mjini), upepo wa maji unakupiga, miti imekomaa, na jioni ya Januari hutamani kuondoka. Kiingilio ni dirham 5 kwa kadi ya Nol, ileile ya kulipia nauli. Najua kuna mtu atadharau hizo 5. Ongeza nauli ya metro ya kwenda na kurudi, weka watoto wawili, kisha kumbuka kuna dada anayehesabu kila dirham kabla ya kutuma nyumbani. Na kule Zabeel ndani yake wameweka ile Dubai Frame tangu 2018, mita 150 kwenda juu, tiketi peke yake dirham 50. Miracle Garden, ile ya mamilioni ya maua mnayoona kwenye picha, tiketi yake ndiyo usiseme, na kiangazi inafungwa kabisa.

Tuje kwenye muda, hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kuanzia Juni hadi Septemba mchana joto linapita nyuzi 40, na unyevu wa bahari unafanya nguo ishikane na mwili ukiwa umesimama tu. Saa pekee ya binadamu kukaa nje ni usiku. Sasa bustani kubwa nyingi zinafunga mageti saa 4 usiku, siku za wikendi saa 5. Mtu anayetoka kazini saa 2 usiku, akapanda basi la kampuni mpaka kambini, yaani mabweni ya wafanyakazi, akaoga, akapika, anafika getini mlinzi anafunga. Kwa nini bustani ya mji wa jangwani ifungwe wakati uleule ambao hewa ndiyo kwanza inaanza kuvutika? Maduka makubwa yenye viyoyozi yanakuwa wazi hadi usiku wa manane. Huko lakini ukikaa bila kununua kitu unaangaliwa kwa jicho la wizi.

Halafu angalieni watunza bustani wenyewe. Sheria inazuia kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9 alasiri, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Sheria nzuri, imeokoa watu. Lakini pita barabarani muda huo uone wanapumzikia wapi: kwenye kipilefti, chini ya mti wa damas, kadibodi mgongoni, kitambaa usoni, magari yakizunguka pande zote. Wanaoutunza ukijani wa mji huu wanapata kivuli cha kuokoteza.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Jumapili iliyopita mimi na wadada wenzangu wawili, mmoja anafanya kazi za ndani na ana siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, tulipita kwenye mtaa fulani wa majumba ya wenye nacho. Tukakuta bustani ndogo haina uzio, haina geti, miti mikubwa ya mwarobaini, benchi tupu. Tukakaa. Hatukuwasha mkaa, hatukupiga muziki, tulikuwa na chapati na chupa ya chai. Haikupita dakika kumi mlinzi akaja: hapa ni kwa wakazi tu, inukeni. Yule dada alikuwa ndiyo kwanza amevua viatu. Aliomba akae mpaka amalize chai. Akakataliwa. Na benchi likabaki tupu, nimegeuka mara kadhaa nikaliona. Simlaumu mlinzi, ni mhamiaji kama sisi na anatumwa. Namlaumu aliyeamua kwamba kivuli cha mti ni mali ya wenye nyumba.

Na msiniambie jangwa ndivyo lilivyo, miti haikubali. Nendeni bustani ya Mushrif, pembeni mwa Dubai, mkaone mighafu imeota yenyewe mchangani kama msitu, mizizi inakwenda chini makumi ya mita kutafuta maji. Huu ndio mti wa taifa wa nchi hii tangu 2008. Mkunazi unakubali, mwarobaini unakubali, watu wa Dodoma na Pwani ni mashahidi kwamba mwarobaini haubembelezwi. (Hata mathenge unaowasumbua Wakenya wa Baringo umejaa huku, unaota bila kuulizwa.) Mti mmoja wa namna hiyo ukishakomaa unawapa watu kumi kivuli, na kiu yake haifikii ya nyasi zinazotaka maji kila siku ya Mungu. Tatizo la Mushrif ni kwamba bila gari kufika kwake ni shughuli, metro haiko karibu.

Wenyeji wa zamani walilijua hili vizuri kuliko wachoraji wa ramani wa leo. Nenda Al Ain, ile oasisi ya katikati ya mji. Mitende zaidi ya 100,000, maji yanapita kwenye mifereji ya falaj kwa zamu, juu mtende, chini yake miembe na mindimu. Unaingia bure, unatembea kwenye vijia vyenye kuta za udongo, na joto unalisikia limebaki nyuma. Waliotengeneza pale walianza na kivuli. Nyasi za kunyoa hawakuzihitaji.

Dubai yenyewe imeonyesha vipaumbele vyake. Safa Park, bustani ya tangu 1975, ilikatwa sehemu kubwa kupitisha mfereji mkubwa wa maji ya bahari (Dubai Canal) uliofunguliwa Novemba 2016. Miti ya miaka arobaini iliondoka. Mfereji unapendeza, pembeni kuna njia ya kukimbilia, sawa, lakini mchana wa kiangazi huwezi kutembea pale ukabaki salama.

Wameweza kuweka viyoyozi kwenye vituo vya basi. Wamejenga vibanda vya baridi vya kupumzikia vijana wa pikipiki wanaosambaza chakula, na kwa hilo nawashukuru kutoka moyoni. Sasa mti wa kivuli na benchi karibu na kambi za Sonapur na Al Quoz vinashindikana vipi?

NYONGEZA: Naona wachangiaji wawili wameshaandika "mlikuja kutafuta hela, sio kupunga upepo". Nyie ndio mnaofanya tuonewe. Mtu anayefanya kazi siku sita ana haki ya kukaa chini ya mti siku ya saba bila kuomba ruhusa.

NYONGEZA YA PILI: Aliyesema bustani ya ufukweni ya Mamzar ina siku za akina mama, ni kweli, imekuwa Jumatatu na Jumatano. Dada wa kazi za ndani yuko wapi Jumatatu? Yuko jikoni kwa bosi. Na yule aliyelalamikia wanaoacha mifupa ya kuku na makopo kwenye nyasi za Union, nakuunga mkono asilimia mia. Tuokote takataka zetu, tusiwape sababu ya kuweka uzio hata pale.

Walioko Al Nahda, International City na Sharjah, semeni hali ya huko. Kuna bustani mnayofika kwa miguu? Ina miti au majani tu? Geti linafungwa saa ngapi, na mmewahi kufukuzwa?