Valvu smati za redieta chumba kwa chumba: zinasaidia kweli au ni kutupa hela? (Uingereza, nyumba ya kupanga)

MtotoWaPongwe

Wakuu habari za baridi. Naombeni mawazo kwa mnaoishi huku Ulaya, maana hili swali nikiliuliza kule Tanga hakuna atakayenielewa.

Nipo Leicester, tumepanga nyumba ya zamani ya vyumba vitatu, boila ni kombi ya gesi (inapasha maji ya redieta za vyumbani na ya bomba pia) iko jikoni. Thamostati, kile kifaa cha kupima joto la chumba na kuiwasha au kuizima boila, ni moja tu, iko koridoni chini karibu na ngazi. Sasa korido lenyewe dogo halafu limewekewa bonge la redieta, kwa hiyo linapata joto fasta, thamostati ikisoma 20 inaizima boila na chumba cha juu upande wa nyuma anacholala mama (kaja kututembelea tangu mwezi wa kumi) hakijafika hata 16. Bi mkubwa analala na kofia na soksi mbili mbili na halalamiki, ila asubuhi namuona tu. Nikipandisha thamostati mpaka 23 yeye anapata nafuu, ila sebule haikaliki na bili ndo usiseme.

Jambo lingine mimi napiga shifti za usiku, mchana ndo nalala, muda huo wife kazini, dogo shule, mama yuko sebuleni, yaani ni vyumba viwili tu vinavyohitaji joto lakini nyumba nzima inawaka.

Nimeona hizi valvu smati unafunga kwenye redieta halafu unapanga joto la kila chumba kwenye simu. Kuna za bei chee za bluutuu, kuna zenye majina kama Tado, Drayton Wiser na Honeywell Evohome ambazo ukipiga hesabu ya redieta zote za nyumba unaanza kufikiria tiketi ya ndege. Je zinafanya kazi kweli? Nikinunua moja tu ya bei rahisi nikaweka chumba cha mama itatosha? Na naweza kufunga mwenyewe bila kumwaga maji ya redieta humo ndani? Mwenye nyumba sio mtu mbaya ila sitaki kesi.

KasarIni_Brum

Boss kwani redieta zako hazina ile kichwa ya kuzungusha yenye namba 1 mpaka 5? Hiyo tayari ni kontro ya chumba kwa chumba, na haina betri wala apu wala pasiwadi ya kusahau. Namba 3 ni kama digrii 20 hivi, ile alama ya theluji ni kuzuia tu maji yasigande. Kwangu sebule iko 3, bedroom 2, ile ruumu ya wageni iko kwa theluji mpaka mgeni aje. Hii mambo ya smati mingi ni biashara tu. Weka pesa kwa mfuko, mnunulie mathe blanketi ya stima.

fundi_redieta_MCR

Mkuu Pongwe mimi hizi kazi ndo zinanilisha hapa Manchester, ngoja nikujibu kwa kirefu kidogo maana kuna kitu kimoja usipokielewa utanunua bure.

Valvu ya redieta, iwe ya kuzungusha au smati, kazi yake ni moja tu, kuruhusu maji ya moto yapite au kuyazuia. Haina uwezo wa kuwasha boila. Ile ya kuzungusha ndani yake kuna kidude chenye nta au kimiminika, chumba kikipata joto kinatanuka kinaisukuma pini ya valvu, maji yanapungua. Hiyo smati badala ya nta ina mota ndogo na betri, ila inasukuma pini ile ile. Sasa tazama shida yako, chumba cha mama kina baridi kwa sababu korido limeshashiba na boila imezimwa. Ukiweka valvu ya bluutuu kwa mama itafungua mpaka mwisho, itakaa wazi usiku kucha inasubiri maji ya moto ambayo hayaji. Umenunua kitu kinachokuonyesha kwenye simu kwamba mama anasikia baridi, jambo ambalo ulishalijua.

Kinachofanya kazi ni mfumo ambao valvu zinaongea na boila. Yaani kuna kisanduku kinaunganishwa kwenye boila badala ya hiyo thamostati yako, chumba chochote kikipungukiwa joto valvu yake inatuma ombi, boila inawaka, na vyumba ambavyo havijaomba valvu zao zimefunga. Hizo tatu ulizozitaja zote zina uwezo huo, mradi ununue na hicho kisanduku chake, sio vichwa vya valvu peke yake. Watu wengi wanakwama hapo hapo, wananunua vichwa vitatu kwenye ofa halafu wanakuja kuniambia ni utapeli.

Ndugu wa Brum hajakosea, kwa mtu ambaye ratiba yake haibadiliki vichwa vya namba vinatosha kabisa. Ila namba haijui saa. Mtu anayelala mchana na familia inayolala usiku ndo hasa hizi smati zilitengenezewa.

Kuhusu kufunga, kama redieta zako tayari zina vichwa vya namba basi huhitaji kumwaga tone la maji. Zungusha mpaka 5 kwanza ili pini ilegee, fungua nati ya kichwa, toa, funga kipya. Nyingi ni nati ya milimita 30, baadhi za Danfoss zina mshiko wao wanatumia adapta, mara nyingi adapta unazikuta humo humo kwenye boksi. Kabla hujafunga ibonyeze pini kwa kitu bapa uone kama inarudi juu yenyewe. Kama imeganda (nyumba za zamani ni kawaida sana, hasa kama kichwa kilikaa kimefungwa kiangazi chote) igonge taratibu ubavuni mwa valvu, usiivute na koleo, ukiing'oa ndo hapo maji utayaona. Vichwa vya zamani viweke kwenye mfuko, siku unahama unavirudisha na smati zako unaondoka nazo.

Ila hicho kisanduku cha boila kina umeme wa 230, na kifuniko cha boila ya gesi hakifunguliwi na mtu asiyesajiliwa Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi wa gesi hapa Uingereza). Hapo mwambie mwenye nyumba na alete mtu wake.

MtotoWaPongwe

Aisee mkuu umenifungua macho, ile ya bluutuu nilikuwa nimeshaiweka kwenye kikapu nasubiri mshahara tu. Vichwa vya namba vipo kwenye redieta zote kasoro ya koridoni, hiyo ina kikofia tu cheupe. Sasa nikienda na mfumo kamili nitaokoa kiasi gani kwa mwezi? Maana wife ndo mweka hazina na haelewi lugha ya "starehe", anataka namba.

fundi_redieta_MCR

Namba za hakika hakuna anayeweza kukupa bila kuiona nyumba, ila piga hesabu hii umuonyeshe. Redieta ya chumba cha kawaida tuseme kilowati moja. Ikiwaka mfululizo masaa sita ambayo chumba hakina mtu ni uniti 6, gesi tuseme peni 6 au 7 kwa uniti, hapo ni kama peni 40 kwa siku, sawa na pauni 12 kwa mwezi. Na hiyo ndo hali ya juu kabisa, maana redieta haiwaki mfululizo, chumba kikishapoa kinahitaji moto wa kukirudisha, na ukuta wa chumba cha jirani unavuja joto kuingia kwenye chumba baridi, hasa milango ikiwa wazi. Mimi huwa nawaambia watu wachukue nusu ya hapo au chini, kwa kila chumba, miezi ya baridi tu. Valvu moja yenye jina ni pauni 50 kwenda juu. Kwa hiyo chumba kinachokaa tupu muda mrefu kinarudisha hela yake polepole, bafu na choo havirudishi kamwe, usiviwekee.

Tena kuna ugonjwa wa kufunga vyumba vingi mno. Kombi nyingi haziwezi kushuka chini ya kilowati kadhaa, sasa mchana ukibakiza redieta moja ya kilowati moja boila inawaka, maji yanafika moto dakika chache, inazima, inawaka tena, siku nzima hivyo. Inakula gesi na inajichosha. Wewe mchana una chumba chako na sebule ya mama, viweke viwake muda mmoja, na korido liachwe wazi lipitishe maji, hapo boila itatulia. (Mwenye hita pampu, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje badala ya boila, asisome ushauri wangu, hizo zinataka nyumba nzima ipate joto la chini kwa muda mrefu, hadithi nyingine kabisa.)

MamaHannover

Mimi nipo Ujerumani na huku mambo ni tofauti kidogo, naandika kwa faida ya wengine watakaopita hapa. Tulio kwenye fleti boila ni moja ya jengo zima iko chini kabisa, maji ya moto yapo muda wote msimu wa baridi, wewe kazi yako ni kufungua na kufunga. Kwa hiyo kwetu hata valvu ya peke yake inasaidia, haihitaji kuongea na boila yoyote. Redieta zetu zina vimita vidogo vimebandikwa mbele na kisheria kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama ya joto inagawanywa kwa matumizi ya kila mtu, kwa hiyo usipozima unalipa mwenyewe. Huku tunaambiwa kupunguza digrii moja ni kama asilimia 6 ya gharama. Nimeweka chumba cha watoto na sebuleni, ninachokipenda zaidi ni kwamba nikifungua dirisha kubadilisha hewa inagundua joto limeshuka ghafla inajifunga yenyewe.

Ninachokichukia ni mota. Usiku saa kumi inaamka kurekebisha, zzzzz, na kama una usingizi mwepesi utaisikia. Chumba cha mama mkubwa angalia ya kimya. Na jambo jingine, sensa imo kwenye kichwa chenyewe pale kwenye bomba la moto, kama kuna pazia refu au kochi mbele yake itadhani chumba kina joto 22 kumbe kitandani ni 18. Tafuta yenye sensa ya pembeni ya kuweka mezani, au urekebishe tofauti kwenye apu.

KasarIni_Brum

@fundi swali dogo, hiyo ruumu yangu ya wageni iko kwa theluji sasa naona ukuta wa nyuma ya kabati umeanza rangi nyeusi nyeusi. Ni hiyo?

fundi_redieta_MCR

Ndo yenyewe. Mvuke wa kupika na kuoga unatembea nyumba nzima, ukikuta ukuta wa baridi unageuka maji hapo na kuvu inaota. Usiiache theluji, iweke 1 na nusu au 2, funga mlango, sogeza kabati kidogo hewa ipite.

Na Pongwe, kabla hujatoa hata senti fanya mambo mawili ya bure wikiendi hii. La kwanza, angalia hiyo thamostati ya koridoni kama imechomekwa waya ukutani au ni ya betri. Nyingi siku hizi ni za betri, unaibandua tu. Ihamishie chumba cha mama, kichwa cha redieta yake kizungushe mpaka mwisho 5 ili visigombane, thamostati iweke 19 au 20, halafu sebule na vyumba vingine uvizuie kwa zile namba. Boila itawaka mpaka mama apate joto. WHO wenyewe wanasema ndani ya nyumba isishuke chini ya 18, na kwa mtu mzima aliyetoka Tanga mimi ningeongeza.

La pili, joto la maji kwenye boila yenyewe, lile la alama ya redieta sio la bomba. Wengi wanaachiwa 75 au 80. Lishushe mpaka 60 kama ni kombi, maji yakirudi chini ya 55 hivi ndo boila inavuna vizuri joto la mvuke uliomo kwenye moshi wake badala ya kulitupa nje. Redieta hazitaunguza mkono kama zamani, usishtuke, zitawaka muda mrefu zaidi kwa gesi kidogo. Kama chumba cha mama hakifiki kwa 60 panda 65.

MtotoWaPongwe

Nimechungulia sasa hivi, ni ya betri! Imekaa kwenye kishikio tu. Naipeleka juu leo leo kabla sijaingia shifti. Ila mkuu, mama akiigusa akapandisha 30?

fundi_redieta_MCR

Zipo zinazofungika, tafuta kwenye menyu alama ya kufuli. Ikikosekana iweke juu ya kabati, mbali na dirisha.